Kukinga matairi na jua la Nairobi: somo kwa wenye magari yanayosimama sana

Wanachama, hamjambo. Wengi wetu tukikagua tairi tunatazama meno tu. Yakiwa marefu tunaridhika. Lakini jua halianzii kwenye meno, huanzia ubavuni, na tairi lililopasuka ubavu laweza kukuacha kwenye Thika Road likiwa na meno ya kutosha miaka miwili zaidi.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na ikweta iko jirani. Miale ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hutufikia kwa nguvu hata siku ya baridi ya Julai. Watengenezaji wanajua hatari hiyo, kwa hiyo mpira huchanganywa na masizi ya kaboni yanayonyonya miale (ndiyo maana tairi ni jeusi), pamoja na nta na dawa za kuzuia ozoni, gesi ya hewani inayopasua mpira. Tairi likizunguka hujikunja na kujinyoosha, na nta hutoka ndani polepole ikafunika uso wa mpira. Gari likisimama, nta haitoki vya kutosha. Kwa hiyo gari linaloshinda juani kutwa, na kutembea Jumapili tu, ndilo linalohitaji somo hili kuliko matatu, basi dogo la abiria linalozunguka kutwa.

Hatua ya kwanza: jua umri wa tairi. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Zikikosekana upande wa nje, ingia chini uangalie upande wa ndani. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita; Michelin wanasema lisipite miaka kumi hata likionekana zima, na spea ikiwemo. Kisha bonyeza ubavu kwa kidole gumba mahali penye mwanga. Nyufa nyembamba kama nywele hujificha mpira ukiwa umetulia, na hufunguka ukibonyezwa.

Hatua ya pili: osha kwa maji na sabuni laini. Basi. Usisugue kwa brashi ngumu kila wiki ili kuondoa ule ukahawia. Mara nyingi ukahawia huo ni dawa ya kuzuia ozoni iliyotoka juu kufanya kazi yake.

Hatua ya tatu: ukitaka kupaka kitu, nunua dawa ya matairi ya maji iliyoandikwa kuwa inazuia miale ya jua. Paka ubavu pekee, tairi likiwa kavu na baridi. Isifike kwenye meno wala kwenye diski ya breki. Dawa hii ni nyongeza tu, kivuli kinaishinda mbali.

Hatua ya nne, ambayo haigharimu hata shilingi: namna ya kuegesha. Hapa kwetu jua la adhuhuri huwa karibu utosini, na bodi ya gari hulikingia tairi. Jua linalopiga ubavu moja kwa moja ni la saa tatu asubuhi na la saa tisa alasiri. Ukiweza, elekeza pua ya gari mashariki au magharibi, ili mbavu za matairi zitazame kaskazini na kusini. Kama uwanja haukuruhusu, badilisha upande: leo egesha kwa pua, kesho kwa kurudi nyuma.

Hatua ya tano: gari la kusimama wiki nyingi. Kipande cha plaiwudi kilichoegemezwa kwenye kila gurudumu kinatosha. Turubai jeupe ni zuri pia, mradi hewa ipite. Jaza upepo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, upime asubuhi kabla gari halijatembea. Kila baada ya wiki moja au mbili, lizungushe mtaani.

Maswali ya wanachama

*Fundi, pale ninapooshea gari Umoja vijana hupaka dizeli na tairi linang'aa vizuri. Kuna ubaya?*
Upo. Dizeli huingia kwenye mpira, ikauvimbisha na kuulegeza. Mafuta machafu ya injini ni vilevile. Waambie mapema, kabla hawajaanza kuosha.

*Nimeleta gari kutoka Japani, meno ni marefu kabisa. Nibadilishe matairi?*
Soma tarakimu kwanza, ndugu yangu. Sheria yetu inaruhusu gari lisilozidi miaka minane, kwa hiyo gari lililotembea kidogo laweza kufika Mombasa likiwa na matairi yake ya kwanza, yenye miaka saba. Meno hayatakuambia hivyo. Mimi ningebadilisha.

*Mimi nina matatu ya Rongai. Haya yote yananihusu?*
Kwa sehemu kubwa, hapana. Meno yako yataisha kabla jua halijamaliza kazi. Kinachokuhusu ni spea, ambayo haizunguki na siku ya pancha inabebeshwa abiria wote. Isome umri leo.

*Nimeona nyufa ndogo ubavuni. Kuna gundi ya kuziba?*
Gundi itaficha ufa tu, nguvu ya mpira hairudi. Ufa wa juujuu, mfupi, unafuatiliwa na fundi kila mwezi. Ukiona nyuzi za ndani ya tairi, au uvimbe, tairi hilo lisitembee tena.

*Nina seti ya ziada nimeiweka kwenye karakana ya shemeji, pamefunikwa mabati, jua haliingii. Iko salama?*
Shemeji anachomelea vyuma humo? Mashine ya kuchomelea hutoa ozoni, na ozoni hupasua mpira hata gizani. Joto la mabati nalo huuzeesha. Yahamishie chumba chenye ubaridi, yafunge kwenye mifuko ya plastiki, na uyaweke mbali na petroli.