Jinsi ya kufuatilia historia ya nyumba ya Kariakoo na watu waliokaa humo

Nimeandika hatua hizi baada ya kumsaidia dada mmoja aliyekuwa akiitafuta nyumba ya babu yake Kariakoo, Dar es Salaam, mahali ambapo leo pamesimama ghorofa la maduka.

1. Anza na karatasi za ukoo

Barua ya toleo (ile ya kupewa kiwanja), risiti za kodi ya kiwanja, kadi za mwaliko wa harusi, picha. Geuza kila picha utazame nyuma. Piga picha kila karatasi hapo hapo. Hati ya mtu usiondoke nayo.

2. Hakikisha kiwanja ni kipi

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Namba unayoiona mlangoni leo huenda ni ya anwani za makazi, zoezi lililofanyika nchi nzima mwaka 2022 kabla ya sensa. Namba ya nyumba anayoikumbuka bibi ni nyingine. Namba ya kiwanja na kitalu (kundi la viwanja) iliyo kwenye hati ni ya tatu. Zipe safu tatu daftarini, wala usijaze safu moja kwa kukisia kutoka nyingine.

Mitaa nayo ilibadilishwa majina. Kichwele ndiyo Uhuru ya leo, New Street ndiyo Lumumba. Kwa hiyo kadi ya harusi ya mwaka 1955 na risiti ya miaka ya sabini zinaweza kutaja mitaa miwili, kumbe nyumba ni ile ile. Nyumba ya kona ina utata zaidi: baraza inatazama mtaa mmoja, mlango wa uani unatokea mwingine, na jirani mmoja huitaja kwa mtaa huu, mwingine kwa ule. Tena viwanja viwili huweza kuwa vimeunganishwa ili ghorofa lipate nafasi, hapo namba ya zamani haitakuwepo tena.

Mimi huanzia kwenye njia panda. Mitaa ya Kariakoo imenyooka, na kona zake nyingi bado zipo. Hesabu viwanja kutoka kona kwenye ramani ya upimaji, kisha hesabu tena kwa miguu, ukikagua kwa msikiti au shule ambayo haijahama. Picha za zamani za satelaiti kwenye Google Earth zitakuonyesha bati lilipogeuka zege, lakini usizitegemee kwa mambo ya kabla ya picha hizo kuanza.

3. Fuatilia umiliki

Omba upekuzi, yaani kuangaliwa kumbukumbu za umiliki wa kiwanja, kwa Msajili wa Hati. Mwenye nyumba akiwa amefariki, uliza jalada la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Kama lilikuwa jengo kubwa la kupangisha, kumbuka mwaka 1971: majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa.

4. Uliza chumba kwa chumba

Hati inamtaja mwenye nyumba tu. Wapangaji, ambao ndio waliokuwa wengi, hawamo, na ukiishia ofisini utakuwa umeandika historia ya kiwanja, si ya watu. Jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na uwaambie wenyeji wazi kwamba hukuja kwa mambo ya kuuza wala kugawa urithi.

Kisha chora nyumba: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani jiko na choo. Ukimuuliza mzee “Nani aliishi hapa?” atakutajia mwenye nyumba. Muulize, “Shikamoo mzee, chumba cha kwanza kulia alikaa nani? Akatoka nani, akaingia nani?” Mpe penseli arekebishe mchoro mwenyewe, kwa kazi hii karatasi naipenda kuliko simu, maana mkono wake ukifika uani atakumbuka hata aliyekuwa akikaa banda la nyuma. Miaka usiidai. Uliza kama ilikuwa kabla ya Uhuru, au wakati wa vita vya Kagera.

Masimulizi yakipingana, andika yote mawili na jina la msemaji kando ya kila moja.

5. Rudisha nakala

Peleka mchoro uliokamilika kwa kila aliyekusimulia, na majina ya walio hai usiyaweke mtandaoni bila idhini yao.