Kupima presha nyumbani kwa mashine ya betri

Mgonjwa wa presha aliyeko visiwani Kiwayu au Ndau hana haja ya kupanda boti hadi Lamu mjini kila mara ili apimwe tu. Mashine ya mkanda wa mkononi inatosha, ikitumiwa sawasawa.

Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo, kisha kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa kanzu au buibui, sentimita 2 juu ya kiwiko. Mkono ulale mezani, usawa wa moyo. Hapa ndipo wengi huharibu: mkono ukining'inia, namba hupanda, mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, hupanda pia.

Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7. Andika zote, hata zisizokupendeza. Acha za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki, umpelekee daktari kwa simu. Wastani ukiwa 135/85 au zaidi (135 ni namba ya juu, 85 ya chini; hata moja ikifika hapo inatosha), presha iko juu. Ikifika 180/120 na kifua kinauma au upande mmoja wa mwili umelegea, tafuta boti papo hapo.