OpenTTD: namna ya kuchagua grafiki na modi za magari gemu isije ikakugomea katikati

Wadau, kwenye OpenTTD, gemu ya bure ya kuendesha kampuni ya usafiri, watu wengi wakishaingia kwenye Check Online Content, yaani sehemu ya kushusha modi (nyongeza za gemu), wanaweka tiki kila wanachokiona, treni za Japani, malori, ndege, meli, viwanda, kila kitu kwa sababu ni bure, halafu wakianza gemu wanakuta kiwanda kinatoa mzigo ambao hakuna gari hata moja linaloweza kuubeba, au dipo (karakana ya kununulia magari) imejaa injini mpaka hujui ununue ipi. Modi zenyewe mara nyingi hazina shida, shida ni kwamba hazikuchaguliwa pamoja.

Tuanze na grafiki za msingi, hapa hakuna mambo mengi. Zamani ilibidi uwe na mafaili ya Transport Tycoon Deluxe yenyewe, ile ya Chris Sawyer ya miaka ya 90, lakini tangu toleo la 1.0.0 lililotoka mwaka 2010 unatumia OpenGFX tu, grafiki za bure, na gemu inakwenda. Ipo pia zBase, imechorwa kwa rangi nyingi zaidi na ukivuta karibu majengo yanapendeza kweli, ila faili lake ni zito, litakula bando na litakula RAM. Halafu kuna jambo watu hawaambiwi, modi nyingi za magari zimechorwa kwa mtindo wa zamani wa vidoti, kwa hiyo ukiziweka juu ya zBase unapata mji laini kabisa na basi la vidoti linapita katikati yake, haviendani. Mimi nasema kama laptop yako ni ya kawaida kaa na OpenGFX, na ukitaka kuipendezesha ongeza OpenGFX+ Landscape, inatosha sana.

Sasa magari, na hapa ndipo naomba unisikilize vizuri: usianze na magari, anza na viwanda. Modi ya viwanda ndiyo inayoamua gemu itakuwa na mizigo gani, na gari linafuata mzigo. Ukibaki na viwanda vya asili, karibu seti yoyote ya magari itakufaa. Ukiweka FIRS, ambayo ni modi ya viwanda, mambo yanabadilika kabisa, inaleta mizigo mipya kibao na minyororo mirefu, kuna vifaa inabidi upeleke mashambani na migodini ndio uzalishaji upande, na kama seti yako ya malori ni ya zamani haijui hiyo mizigo basi umekwama. Aliyetengeneza FIRS ndiye aliyetengeneza pia Iron Horse ya treni na Road Hog ya barabarani, kwa hiyo hizo tatu zinaelewana vizuri sana na kwa mtu anayeanza ndiyo njia salama kuliko zote. FIRS ina sehemu ya kuchagua aina ya uchumi kwenye parameta zake, mimi naipenda ile inayoitwa In A Hot Country, unasafirisha kahawa, almasi, shaba, inanoga hasa ukichagua hali ya hewa ya sub-tropical. Ila kumbuka kwenye sub-tropical ukiwa na viwanda vya asili, miji iliyoko jangwani haikui mpaka uipelekee maji na chakula, hivyo hakikisha una gari la kubeba maji kabla hujaanza kujenga.

Kitu cha pili ni mwaka. Seti ya kawaida haina magari ya barabarani mapema sana, ukianza gemu mwaka 1900 bila modi utakaa na pesa zako huna cha kununua. Ukitaka kuanza zamani hivyo tafuta eGRVTS, seti ya magari ya barabarani, ile ina mpaka mikokoteni ya farasi. Wanaopenda treni nyingi kupita kiasi wana NUTS, haijali uhalisia, na wanaotaka treni za nchi mbalimbali duniani wana 2cc. Lakini chagua seti moja ya treni, moja ya barabara, moja ya ndege, basi. Seti mbili za treni kwa pamoja ni fujo, bei haziendani, nguvu haziendani, unaanza kuchanganyikiwa mwenyewe.

Kabla hujaanza gemu ya ukweli fanya jaribio, halichukui muda. Nenda NewGRF Settings (NewGRF ndilo jina la modi hizi ndani ya gemu) kwenye menyu ya mwanzo, weka modi zako kwenye orodha, viwanda juu na magari chini yake, maana iliyoko chini inasomwa baadaye na ndiyo inayoshinda zikigongana. Tengeneza ramani ndogo ya 64 kwa 64, jenga dipo moja ya treni na moja ya malori, fungua orodha ya kununua. Pale kuna kichujio cha aina ya mzigo, pita mzigo mmoja mmoja, makaa, mbao, maji, chakula, vifaa vya shamba, ukikuta mzigo ambao orodha yake haina behewa wala lori hata moja ujue seti hiyo haikufai. Halafu bonyeza Ctrl+Alt+C ifungue menyu ya cheat, sogeza mwaka mpaka 1960, halafu 2000, angalia tena kama bado magari yapo. Kama yanapotea, kuna setting ya kufanya magari yasiishe muda wake, iwashe.

Ukiridhika hifadhi hiyo orodha kama preset uipe jina, ndio uanze gemu yako. Na ukishaanza USIGUSE tena. Kuongeza au kutoa modi wakati gemu inaendelea ndiko kunakoharibu save, treni zinageuka vitu vingine, viwanda vinapotea, wakati mwingine gemu inajifunga yenyewe na haifunguki tena.

Kwa wanaocheza seva na wenzao, wote mnatakiwa muwe na modi zilezile na toleo lilelile, jina kufanana tu haitoshi. Ukiwa umekosa baadhi, bonyeza seva kwenye orodha, nenda NewGRF Settings halafu tafuta zilizokosekana mtandaoni, gemu itakushushia yenyewe kama zipo.