Kuvuka Holili kwenda Taveta kutembea siku moja

Mko Moshi na mna siku moja tu? Vukeni mpaka wa Holili mkaone Taveta, mji wa upande wa Kenya, ila tokeni alfajiri kabla mawingu hayajafunika Kilimanjaro. Paspoti beba, na shilingi za Kenya chenji mapema. Pale mpakani ni jengo moja, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili upande unaoingia, so usipitilize.

Ukishafika Taveta chukua boda ya kutwa nzima na mpatane bei kabisa kabla hujapanda. Anza na Ziwa Chala, ni ziwa la kreta, mpaka unapita katikati yake, maji ya rangi ya bluu hivi hadi kijani na kushuka ni mteremko haswa kwa hiyo vaa raba sio ndala. Kuogelea sahau, mamba washaua mtu mle 2002.

Jua likikolea rudi barabara ya Voi mpaka kilima cha Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Mwingereza walipanda wakijua kazi rahisi, wakarudishwa mbio na askari weusi wa Mjerumani (hao askari ni babu zetu, ndo maana mi napapenda kuliko hata ziwa). Malizia makaburi ya vita pale mjini, halafu wahi mpakani kabla giza.