Karata za peke yako kwenye konsoli ya mkononi: fumbua zilizolala kwanza
Kama konsoli yako ina mkusanyiko wa gemu za karata, huenda Klondike, ile gemu ya karata ya kucheza peke yako, imo. Kabla hujakimbilia lile fungu la karata 24 zilizobaki za kuchota, tazama mezani: kati ya karata 28 zilizopangwa, 21 zimelala kifudifudi, na hizo ndizo zinazokukwamisha. Anza na safu yenye nyingi zilizofichika. Usiondoe karata ya mwisho ya safu kama huna mfalme wa kuweka hapo, maana nafasi tupu haipokei karata nyingine. Wala usiharakishe kupandisha tano ya kopa kwenye mafungu ya juu, yale ya kukusanyia karata za aina moja. Nne ya shupaza inaweza kuihitaji mezani ili ikae juu yake. Mimi, gemu ikiruhusu, huzima kwenye mipangilio ule upandishaji wa karata unaofanywa na gemu yenyewe.