Namna ya Kuonyesha Darasani Tabia ya Viputo vya Gesi Ndani ya Mafuta Mazito

Mwalimu wa sayansi hapa Lamu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi gesi inavyosukuma mafuta mazito kutoka mwambani hadi kisimani akiwa na sirinji mbili kubwa zisizo na sindano, maji ya soda na asali nzito. Mafuta ya Turkana, ambayo kwa miaka mingi yamepangiwa bomba la kufika bandari ya Lamu, yana nta nyingi na tabia zake ni tofauti, kwa hiyo yasichanganywe na somo hili.

Anza na soda. Ivute hadi nusu ya sirinji, toa hewa iliyobaki, ziba mdomo kwa kidole, kisha vuta kishikio. Shinikizo likishuka, gesi iliyoyeyuka hujitenga, viputo hupanda, huungana na kukusanyika juu. Katika mafuta mepesi, gesi iliyoungana hivyo hukimbilia kisimani na kuyaacha mafuta nyuma. Rudia kwa kuvuta ghafla, uone viputo vikiwa vingi na vidogo zaidi. Hatua hii isirukwe hata kidogo, kwani kasi ya kushusha shinikizo ni miongoni mwa mambo yanayoamua wingi wa viputo chini ya ardhi.

Kisha koroga asali kwa uma mpaka ijae viputo vya hewa, uitie katika sirinji ya pili, uzibe na uvute polepole. Ukiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha utaona kila kiputo kikitanuka papo hapo kilipo, huku asali yote ikifura pamoja nacho. Waeleze wanafunzi kwamba hewa hii imekorogwa tu, ilhali gesi ya mafuta huwa imeyeyuka. Kinachofanana ni mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka, unaozuia viputo kuungana.

Kwa kipimo cha mnato kiitwacho sentipoise, maji yana takriban 1, lakini mafuta ya Lloydminster nchini Kanada huwa na maelfu. Huko, na katika ukanda wa Orinoco nchini Venezuela, mafuta hutoka na povu la viputo vilivyokwama ndani yake, na visima vingi vimetoa mafuta mengi kuliko hesabu za kawaida zilivyotabiri.

Mwisho, iache asali hadi kesho yake, na viputo vitakuwa vimeanza kupanda. Chini ya ardhi pia, gesi ikishaungana na kujipatia njia, shinikizo hupotea upesi, na kisima hutoa gesi nyingi na mafuta machache.