Ukikuta neno "credit" kwenye karatasi za biashara, lisome hivi

Mwaka wa kwanza wa duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, nilimrudishia msambazaji mifuko sita ya saruji iliyoganda. Siku chache baadaye dereva wake akaniletea karatasi yenye kichwa "CREDIT NOTE", Sh 99,000. Mimi "credit" nilikuwa naijua kwa maana moja tu, mkopo. Nikaona nadaiwa, nikamtumia fedha siku ileile kwa simu. Kumbe karatasi ilikuwa inasema yeye ndiye wa kunipunguzia mimi. Tangu hapo, kila kijana anayeanza kazi dukani kwangu namfundisha neno hili kabla ya bei za misumari.

Anza na swali hili: nani amemwamini nani? Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, credere, kuamini. Wazee wetu wa pwani wana jina lao, mali kauli: bidhaa zimetoka, fedha bado, muuzaji amebaki na kauli ya mnunuzi. Fundi akiniambia, "Mama, niandikie bati nane, Jumamosi nalipa," aliyeamini ni mimi, na kwa Kiingereza nimemuuzia "on credit".

Msambazaji akikupa "30 days credit", yeye ndiye amekuamini. Hapo uliza kabla ya kusaini: siku 30 zinahesabiwa tangu tarehe ya ankara, au tangu mzigo uliposhuka? Ankara ikiandikwa tarehe 3 na lori likafika tarehe 9, siku sita zimekwenda na hujauza hata mfuko mmoja. "Credit limit" nayo ni kikomo cha imani hiyo. Kikiwa milioni mbili na unadaiwa 1,800,000, mzigo wa laki tatu hautoki ghalani mpaka upunguze deni.

Taarifa ya benki ndiyo inayowachanganya wengi. Kiasi chenye alama ya "CR", au kilicho kwenye safu ya "credit", ni fedha zilizoingia. "Debit" ni zilizotoka. Halafu unafungua vitabu vya mhasibu wako, unakuta fedha zikiingia anaziandika upande wa debiti! Hakuna aliyekosea. Benki inaandika daftari lake, si lako. Ukiweka laki mbili, wewe ndiye umeiamini benki, nayo inadaiwa na wewe laki mbili, kwa hiyo inaziandika upande wa wale wanaoidai. Mhasibu anaandika kwa kukaa upande wako. Mtu akishalielewa hili, taarifa ya benki haimsumbui tena, ndiyo maana huwa nalirudia mara mbili tatu.

Kwenye kadi ni rahisi: "credit card" unatumia fedha za benki na kulipa baadaye, "debit card" unatumia zako. Kwenye simu ni salio la muda wa maongezi. Na mtu akisema unastahili kupewa "credit" kwa kazi nzuri, anataka usifiwe, hakuna fedha hapo.

Sasa ile karatasi iliyonipotosha. Ukiipokea, tafuta kwanza namba ya ankara ya awali. Kama haipo, mrudishie aiandike, maana bila namba hiyo, baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka ni saruji ipi. Linganisha idadi na bei: mifuko 6 kwa 16,500 ni 99,000. Ankara ikiwa na VAT, angalia kwamba VAT ya bidhaa ulizorudisha nayo imepunguzwa. Kisha ibane pamoja na ankara yake kwa stepla, umpigie msambazaji umuulize: "Hii itakatwa kwenye mzigo upi?" Yangu ilikatwa kwenye nondo za mwezi uliofuata, pamoja na fedha nilizotuma kwa makosa. Jumla 198,000.